Shajara ya mradi: sekunde hamsini za The Big Country

6 Juni

Leo nimeanza rasmi, basi niandike ninachokitaka kabla hakijabadilika njiani. Nataka kutengeneza kipindi cha sauti cha nusu saa, kwa Kiswahili, juu ya rekodi mpya za muziki wa sinema za kauboi za zamani. Ninaposema rekodi mpya sina maana ya kanda ya zamani iliyosafishwa kwa kompyuta. Nina maana ya okestra nzima kukaa studioni upya, karatasi zikiwa mbele yao, wakaupiga tena muziki uliotungwa kwa ajili ya sinema ya 1948 au 1958, wakati wengi wa wale walioupiga mara ya kwanza wameshatangulia mbele ya haki. Kazi hii imefanyika London, Moscow, Prague, Glasgow na Phoenix. Kwa Kiswahili sijaisikia ikisimuliwa.

Na ndani ya kipindi ziwemo sekunde hamsini tutakazopiga sisi wenyewe: mwanzo wa The Big Country, sinema ya William Wyler ya 1958, muziki wa Jerome Moross. Sina karatasi zake. Nitauandika kwa sikio, kisha tuupige kwa fidla mbili, selo moja, matarumbeta mawili na tromboni. Najua okestra yake ni kubwa mara kumi ya hiyo. Lakini nataka nijue mwenyewe, kwa mikono yangu, wanachopitia watu wanaofufua muziki wa namna hii. Kusoma habari zao peke yake hakunitoshi.

Aliyenitia ugonjwa huu ni mjomba. Ujana wake aliumalizia Majestic na Cine Afrique hapa mjini Unguja, akiangalia picha za kauboi. Jina la sinema anaweza kulisahau, jina la mtunzi hakuwahi kulijua, ila muziki anaupiga kwa mluzi mpaka leo, na anakwambia kabisa: hapa stelingi anaingia, hapa adui yuko nyuma ya mlango. Nilipokuwa mdogo nilijua mluzi kwanza, sinema nikaja kuziona baadaye.

7 Juni

Nimeandika barua ya kuomba ruhusa. Moross alifariki 1983, kwa hiyo haki za muziki wake bado ziko hai na zina wenyewe. Tutarekodi kwa kujifunza. Kurusha hewani kutasubiri jibu. Jibu likiwa hapana, kipindi kitakwenda bila zile sekunde hamsini.

10 Juni

Siku nzima nimeshughulikia sehemu ya kwanza ya kipindi, ile inayojibu swali ambalo kila mtu ataniuliza: kwa nini mtu arekodi upya kitu kilichokwisha kurekodiwa?

Sababu ya kwanza ni sauti yenyewe. Miaka ya 1940 muziki wa sinema ulinaswa kwa mwanga juu ya mkanda wa filamu, sauti moja tu, isiyo na kushoto wala kulia. Baadaye zikaja kanda za sumaku, nazo zikaoza. Zile za asetati zikioza hutoa harufu kali ya siki, mtu akifungua kopo anajua palepale kwamba amechelewa.

Sababu ya pili ni pesa. Chama cha wanamuziki cha Marekani kilikuwa na sharti kwamba rekodi ya sinema ikitolewa kama santuri, wapigaji walipwe tena. Ni haki yao, siwalaumu. Lakini okestra ya watu themanini ikilipwa mara mbili, kampuni ya santuri inapiga hesabu na kuona ni nafuu kwenda kurekodi upya ng'ambo. Ndiyo maana hata sinema iliyopendwa kama The Magnificent Seven ilitoka 1960 bila santuri ya muziki wake. Elmer Bernstein aliandika mdundo ambao hata asiyewahi kuiona sinema anaujua, halafu rekodi yenyewe ya sinema ikakaa kabatini mpaka 1998.

Sababu ya tatu ndiyo inayoniuma. Karatasi zilitupwa. Mwishoni mwa miaka ya 1960 kampuni ya sinema ya MGM ilisafisha maktaba yake ya muziki, na nota kamili za okestra, kazi za miongo kadhaa, zikaenda kufukia ardhi kama takataka. Kilichobaki kwa sehemu kubwa ni zile karatasi fupi za piano zilizowekwa kwa ajili ya kulinda haki: mistari miwili mitatu, na juu yake maandishi madogo kwamba hapa ni klarineti, hapa ni selo. Anayetaka kuipiga kazi hiyo leo anaanza na mifupa. Nyama anaitafuta kwenye sinema, kwa sikio, chini ya maneno ya waigizaji na milio ya risasi.

Si kampuni zote zilifanya hivyo. Karatasi za Warner Bros. ziko Chuo Kikuu cha Southern California, na za mtunzi Dimitri Tiomkin ziko huko huko. Za mtunzi mwingine, Max Steiner, ziko Chuo Kikuu cha Brigham Young, kule Utah. Bila makabati hayo nusu ya rekodi ninazozisikiliza zisingekuwepo.

13 Juni

Red River. Nimeisikiliza mara tatu leo, na mara ya tatu nilizima taa.

Sinema ni ya Howard Hawks, 1948, muziki wa Tiomkin: John Wayne na Montgomery Clift wakiswaga ng'ombe kutoka Texas kwenda Kansas. Rekodi mpya ilifanywa Moscow mwaka 2002. John Morgan aliziunganisha nota, William Stromberg akaongoza, na Okestra ya Simfoni ya Moscow wakapiga pamoja na kwaya yao. Hawa wawili walikuwa wameshafanya kazi nyingi namna hii na okestra hiyo hiyo, ikiwamo They Died with Their Boots On ya Steiner.

Jambo la Moscow nataka nilikalie kidogo. Tiomkin alizaliwa Kremenchuk, Ukraine, mwaka 1894, akasomea muziki St. Petersburg, na ni mapinduzi ndiyo yaliyomtoa kwao mpaka akafika Hollywood. Mtu huyo ndiye aliyewaandikia Wamarekani sauti ya mbuga zao: Red River, kisha High Noon ya 1952 iliyompa Oscar mbili, moja ya muziki na moja ya wimbo, kisha Rio Bravo, kisha The Alamo. Zaidi ya nusu karne baada ya Red River, kwaya ya wanaume wa Kirusi inasimama na kuimba kwa Kiingereza habari za ng'ombe wa Texas. Inatoka sawa kwa namna ya ajabu. Zile sauti nzito za chini, zinazoingia kwa pamoja kama mlango mkubwa unaofunguka, Tiomkin alizisikia akiwa kijana kwao. Ninaamini alipokuwa akiandika kwaya ya wachunga ng'ombe alikuwa na sauti hizo masikioni. Kwenye sinema ya 1948 unazisikia kwa mbali, zimebanwa, vumbi limezifunika. Kwenye rekodi ya Moscow unasikia hata pumzi kabla ya neno la kwanza.

Mjomba aliposikia wimbo mkuu akasema, "Huu mbona ni ule wa picha nyingine?" Na kweli. Tiomkin aliuchukua wimbo wa Red River akaurudisha katika Rio Bravo ya 1959, ukatiwa maneno mapya, wakauimba Dean Martin na Ricky Nelson wakiwa wamekaa gerezani. Mjomba hajui kusoma nota hata moja. Ameujua kwa sikio, miaka sitini baadaye.

14 Juni

Nimerekodi maelezo ya Red River. Nimeyafuta. Nilikuwa nasema haraka mno, kwa furaha.

18 Juni

Nimeanza kuiandika The Big Country.

Sinema inaanza na gari la farasi likikimbia, magurudumu yakionekana kwa karibu sana. Saul Bass ndiye aliyeyatengeneza majina yale ya mwanzo. Fidla zinazunguka kwa nota fupifupi za haraka, hazipumui, na juu yake shaba zinagonga. Ukisikiliza ovyo utadhani fidla zinarudia kitu kimoja. Nimeingiza sekunde kumi za kwanza kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, nikapunguza mwendo mpaka nusu, kisha robo. Kwa robo mwendo fidla zinakuwa kama mzee anayepanda ngazi, unamwona kila hatua. Hapo ndipo nilipoona kwamba mzunguko haurudii kitu kimoja. Nota ya juu inasogea. Nilipodhani imerudi, imehama hatua moja, na mkazo nao umehama, kwa hiyo mguu unaotaka kupiga mizani unakosa pa kutua. Moross hakukupa tu picha ya gurudumu. Amelifanya gurudumu lirukeruke kwenye mawe.

Saa nne za kazi, na nina mizani minane ya fidla ya kwanza. Fidla ya pili siisikii kabisa. Najua ipo, kwa sababu nikiinyamazisha ya kwanza kichwani mwangu bado kuna kitu kinanguruma katikati, lakini nota zake sizipati. Nikabadilisha, nikaweka rekodi ya 1988, ile Tony Bremner, Mwaustralia, aliyoiongoza na okestra ya Philharmonia kwa ajili ya kampuni ya Silva Screen. Nikavaa vipokea sauti, nikageuza kichwa upande wa kulia. Ikaja. Fidla ya pili hii hapa, inaifuata ya kwanza kwa chini, wakati mwingine ikienda kinyume chake. Kwenye sinema ilikuwa imezikwa. Miaka thelathini baadaye watu wa London waliifukua, na mimi Unguja nikaiandika kwa penseli. Nilikaa kimya muda mrefu baada ya hapo.

Ikiwa nitapewa dakika moja tu ya kueleza faida ya rekodi mpya, nitawawekea wasikilizaji fidla hiyo ya pili.

20 Juni

Msiba mdogo. Kompyuta iligoma kuwaka jana usiku, nikaipeleka kwa fundi, na fundi akaifuta diski nzima bila kuniuliza. Maelezo yote niliyorekodi yamekwenda. Yaliyobaki ni ya kwenye daftari: mizani ishirini na mbili ya fidla mbili, kwa penseli. Nimenunua diski ya nje na kuanzia leo kila kitu kinakaa mahali pawili.

Nimefikiria sana lile dampo la MGM. Mimi nimepoteza siku kumi na nne.

24 Juni

Leo swali limekuwa moja: mtunzi mwenyewe akirudi kuongoza kazi yake, je, rekodi hiyo ndiyo ya kweli zaidi?

Mifano ninayo miwili. Jerry Goldsmith alitunga Rio Conchos kwa ajili ya sinema ya 1964. Mwaka 1989 alisimama mbele ya London Symphony Orchestra akaiongoza upya kwa ajili ya kampuni ya Intrada. Na Elmer Bernstein, aliyetunga The Magnificent Seven akiwa hajafikisha miaka arobaini, aliirekodi tena mwaka 1997 na okestra ya taifa ya Scotland akiwa na miaka sabini na mitano. Miaka michache kabla yake James Sedares alikuwa ameshairekodi na okestra ya Phoenix, Arizona, jangwani kwenyewe.

Kwa Goldsmith jibu langu ni ndiyo. Muziki wake una kodiani, una magitaa na ngoma kavu, na kiongozi asiyejua ukali wake angeulainisha. Yeye hakuulainisha.

Kwa Bernstein nimekwenda na kurudi. Rekodi ya 1997 ni nzuri, ina upana, unasikia mtu anayekipenda alichokiandika. Lakini ule mdundo wa mwanzo, ule wa tam-taram unaosukuma kama farasi aliyepigwa kisigino, katika rekodi ya 1960 una njaa. Wale walikuwa wapiga ala wa studio wa Los Angeles, wanapiga kitu kipya, hakuna aliyejua kama kitapendwa. Wa 1997 walikuwa wanapiga kitu ambacho dunia nzima imeshakijua, mpaka matangazo ya sigara yalikitumia. Hilo husikika, na halimo kwenye karatasi. Nitacheza zote mbili kwenye kipindi, kila moja sekunde kumi na tano, nisiseme neno katikati.

27 Juni

Nimempelekea Maalim nota.

Maalim amepiga fidla ya taarabu tangu ujanani. Nilimkuta barazani baada ya alasiri, nikamwamkia, nikampa karatasi. Akavaa miwani, akaisoma juu mpaka chini bila kugusa fidla, kidole kikigonga goti. Kisha akauliza, "Mwanangu, hii inapumulia wapi?"

Nikamwambia haipumui, Maalim, ni gurudumu.

Akasema hakuna kitu kisichopumua, akaichukua fidla. Mara ya kwanza aliipiga kama anavyopiga taarabu: nota ya juu akiifikia kwa kuteleza kutoka chini, kila mkazo ukiwa na mtikisiko mdogo wa kidole. Ilikuwa nzuri mno na haikuwa yenyewe. Nikamwekea Philharmonia kwenye simu. Akasikiliza mara mbili, akabadilisha jinsi anavyoshika upinde: akausogeza karibu na shina, penye uzito, akaacha kuteleza. Nota zikaanza kuuma. Unga wa ulimbo ukawa unadondoka kwenye shati. Alipofika mzani wa sita, pale mkazo unapohama, akasimama.

"Hapa umekosea kuandika," akasema. "Mkono unakataa."

Tukarudia kusikiliza, robo mwendo, sikio lake kwenye simu. Alikuwa sahihi. Nilikuwa nimeandika nota ya nne kuwa ya juu, na kumbe ya juu ni ya tano. Kwa sikio sikuijua. Mkono wake umeijua kwa sababu upinde ulikuwa unalazimika kurudi pasipo na njia, na hakuna mtunzi anayezijua fidla angemfanyia mpigaji hivyo. Nimeandika kwa herufi kubwa kwenye daftari: MUULIZE ANAYEPIGA. Tangu leo sitasema mzani umekamilika mpaka mtu ameupiga kwa ala yake.

1 Julai

Nimegonga ukuta kwa mtunzi wa Kiitaliano, Ennio Morricone, na nadhani ni ukuta wa kweli, si wa kwangu peke yangu.

Moross ukimwandika vizuri kwenye karatasi, okestra yoyote nzuri itakuletea sehemu kubwa ya alichokitaka. Morricone siyo. Muziki wa The Good, the Bad and the Ugly, 1966, unakaa midomoni na kooni mwa watu fulani. Alessandro Alessandroni alipiga mluzi katika sinema zile za Sergio Leone, na mluzi wake una ukavu ambao hakuna alama ya nota inayoweza kuuandika. Edda Dell'Orso aliimba bila maneno. Wahusika watatu walipewa sauti tatu kwa wimbo ule ule mmoja: filimbi kwa mmoja, okarina kwa wa pili, na makoo ya binadamu kwa wa tatu, yakilia kama mbwa mwitu. Rekodi mpya ikifanywa, karatasi inasema mluzi. Mluzi wa nani?

Ndiyo maana mwaka 1968 Hugo Montenegro alipourekodi upya wimbo mkuu, ukapanda mpaka nafasi ya pili Marekani na ya kwanza Uingereza, ulikuwa kitu kingine kabisa, na ni sawa kuwa kitu kingine. Na ndiyo maana nawaheshimu sana Okestra ya Taifa ya Simfoni ya Denmark kwa onyesho lao la 2018 wakiongozwa na Sarah Hicks. Hawakujaribu kuficha tatizo. Ukiangalia picha zao unamwona mpiga mluzi, unaiona okarina, unawaona wanakwaya wakitoa vile vilio kwa nyuso tulivu, na kila mmoja anatumia koo lake mwenyewe. Ninaona hilo ndilo jibu: kwa muziki wa karatasi, fuata karatasi; kwa muziki wa koo, tafuta koo lililo hai na uliache liwe lenyewe. Maalim aliponisikia nikisema hivi alitikisa kichwa kukubali. Yeye anasema nusu ya taarabu haijawahi kuandikwa.

4 Julai

Mazoezi ya shaba. Vijana wawili wa tarumbeta ni wa beni, wamezoea kupiga harusini, barabarani, kwa pumzi kubwa. Saa ya kwanza fidla hazikusikika kabisa. Tumewaweka mwisho wa chumba, wamegeukia ukuta wenye magodoro, na ghafla ikakaa. Mpiga tromboni amefika kachelewa, kapiga vizuri kuliko wote.

Selo bado. Mwenye selo yuko safarini Pemba.

8 Julai

Tumebishana juu ya mwendo, na mabishano yamenifunza kitu ambacho lazima kiingie kwenye kipindi.

Vijana wa beni wanataka haraka. Maalim anataka pole kidogo ili kila nota iume. Mimi nilikuwa nasema tufuate sinema. Lakini sinema yenyewe ilifuata nini? Katika studio za Hollywood za wakati ule kiongozi alisimama akiitazama picha ukutani. Juu ya filamu walikwaruza mistari inayokatiza kioo, na mwisho wa mstari tobo linalomulika mwanga kufumba na kufumbua, ili mkono wake ufike pale gari linapofika. Mfumo huo unahusishwa na Alfred Newman wa kampuni ya Fox. Wakati mwingine wapigaji walivaa vipokea sauti vyenye mdundo wa kukatakata, tik tik tik, hakuna kuchelewa wala kuwahi. Kwa hiyo mwendo wa rekodi ya sinema uliamuliwa na urefu wa picha. Bremner mwaka 1988 hakuwa na gari la farasi la kulikimbiza. Alikuwa na okestra na chumba tu, na aliweza kuuacha mzani utue.

Wapo wanaosema rekodi mpya ikitoka nje ya mwendo wa sinema imepotea. Sikubaliani. Sinema ilimfunga Moross. Muziki haukuzaliwa kwenye kile kioo. Yeye mwenyewe alieleza chimbuko lake: mwaka 1936, kijana wa Brooklyn akisafiri kwa basi kwenda Hollywood kwa mara ya kwanza, alishuka Albuquerque, akatembea mpaka mwisho wa mji, na mbele yake ikawa mbuga tupu mpaka upeo. Alikaa na kitu hicho miaka ishirini na mbili kabla ya Wyler kumwita. Muziki una umri mkubwa kuliko sinema yake. Una haki ya kutembea kwa miguu yake.

Tumekubaliana mwendo wa Maalim kwa mizani minane ya kwanza, kisha tusukume.

Umeme umekatika saa mbili usiku. Tumemaliza kwa taa ya simu, bila kurekodi, na ndiyo mara ya kwanza tuliyofika mwisho bila kusimama.

10 Julai

Nimemaliza kipande cha Black Patch. Ni sinema ya 1957, ya kwanza kabisa kutiwa muziki na Goldsmith. Alikuwa na miaka ishirini na minane. Intrada waliirekodi upya miaka michache iliyopita kwa michango ya mashabiki, Stromberg akiongoza, okestra ya taifa ya Scotland ikipiga, kule Glasgow. Watu wa kawaida, kila mmoja na chake, wameilipa okestra ili kazi ya kijana asiyejulikana wa 1957 isikike. Huku kwetu neno mchango halihitaji maelezo, kwa hiyo kipande hiki kimejiandika chenyewe.

Prague nimeipa dakika mbili: okestra ya City of Prague Philharmonic chini ya Nic Raine, na The Alamo yao ya 2010. Ingestahili zaidi.

11 Julai

Tumerekodi. Selo amerudi kwa boti ya asubuhi, akaja moja kwa moja na ala yake begani.

Maikrofoni tatu: moja juu ya fidla, moja kwa selo, moja mbali kwa shaba. Feni imezimwa, madirisha yamefungwa, jasho tu. Mara ya kwanza tarumbeta ya pili iliwahi. Mara ya pili muadhini akaanza, tukasimama, tukaswali, tukarudi. Mara ya tatu na ya nne zilikuwa safi lakini zimekaa kama watoto darasani. Mara ya tano Maalim aligonga mguu sakafuni kabla ya kuanza, mara mbili, tofauti na tulivyofanya mazoezi, kidogo zaidi ya mwendo wetu. Wote wakamfuata. Mzani wa sita, penye mkazo unaohama, fidla ya pili ikatokea chini ya ya kwanza, wazi kabisa, ile ile niliyoifukua kwa penseli, na shaba zikagonga kutoka ukutani.

Sekunde arobaini na nane. Mjomba alikuwa ameketi mlangoni. Tulipomaliza hakusema kitu mpaka nilipozima mashine.

12 Julai

Nimesikiliza asubuhi kwa vipokea sauti. Mguu wa Maalim umo, gonga mbili, sekunde ya kwanza. Ningeweza kuukata kwa kubofya mara moja. Nimeuacha.

Yaliyobaki: kurekodi upya maelezo ya Red River, taratibu, kupanga Rio Conchos na Bernstein, kusubiri barua. Maalim amepiga simu mchana kuuliza kama nina nyingine ya kuandika. Nimemwambia mizani inayofuata, pale wimbo mkuu wenyewe unapoingia, inahitaji honi nne, na hapa mjini simjui mtu hata mmoja mwenye honi ya okestra. Akasema nimletee karatasi hivyo hivyo, atazitafutia fidla.